Maji ya Moto kwenye Mkono wenye Ganzi

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la yule aliyeniruhusu nisimame leo mbele yenu nikiwa bado na mikono miwili. Mama mwenyekiti ameniomba nisiwe mrefu, nami nimemjibu kwamba nitajitahidi, ingawa mnanijua. Nikianza habari za safari huwa nafika mbali. Lakini habari hii haiwezi kuanzia pale ilipouma. Inaanzia barabarani, kama mambo yangu yote.

Sitataja jina la mtu yeyote. Hospitali nayo nitaiacha bila jina. Mwishoni mtajua kwa nini.

Nilizaliwa Njombe kwenye baridi, nikasoma mpaka darasa la kumi, na tangu nitoke shule sijawahi kukaa mahali pamoja miaka minne. Nimekuwa karani wa katani Tanga, nimepima pamba Mwanza, nimekaa Tabora, nimekaa Mbeya. Kila nilipokuwa nilipakumbuka nilipotoka, na kila nilipopakumbuka nilifunga sanduku. Ila sikurudi huko, nilikwenda kwingine. Sikuoa. Ndugu zangu waliniandikia barua mpaka wakachoka, kwa sababu barua zilifika mahali nilipokwisha kuondoka. Nalisema hili mapema kwa kuwa mtu wa namna hiyo akiugua hana wa kumuuguza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka arobaini na moja. Dereva mmoja wa lori akaniambia pale Mwanza kwamba anapeleka mabati na misumari Kibondo, na kwamba huko watu wanahamia vijiji vipya, magari yanatafuta makarani. Sikumwuliza swali la pili. Tulivuka kwa kivuko cha Busisi, tukapita Geita, tukalala Biharamulo. Kutoka hapo ni pori tupu. Mimi nilikaa juu ya mabati. Mvua ikija najifunika turubai, ikikatika najianika. Kwenye kizuizi cha mbung'o alitoka mzee mwenye wavu mdogo, akalizunguka lori polepole, akachungulia chini ya magurudumu, akamkamata mbung'o mmoja na kumtia kwenye kichupa. Kisha akatutazama sisi abiria kana kwamba tulimficha makusudi. Nilicheka sana siku ile. Siku ya tano tulipanda vilima, baridi ikaniingia, nikaona migomba na ukungu na udongo mwekundu, nikadhani nimerudi kwetu. Niliposhuka Kibondo mwanamke aliyepita na kuni kichwani akaniambia, "Mwakeye." Sikujua maana yake, lakini niliona ni salamu. Niliitika, nikajisikia nimefika.

Ndugu zangu, nawaambia, huo nao ni ugonjwa, kupapenda mahali siku ya kwanza. Siku ya mia hakuna aliyewahi kuniona nampenda mtu.

Kazi yangu ilikuwa kupanda lori na kuandika vitu vya kila kaya inayohamishwa: milango, vinu, mitungi, mizinga ya nyuki, mbuzi. Wengi hawakutaka kuhama, na walinitazama mimi mwenye daftari kama ndiye niliyeamua. Niliifanya miezi saba. Halafu, katikati ya masika, kwenye njia ya Nyabibuye, lori lilizama kwenye tope mpaka ekseli. Tukaingiza gogo chini ya bodi ili tulinyanyue. Wanaume wanne walikalia ncha ya gogo, mimi nikainama kusukuma mawe chini ya gurudumu. Mmoja akateleza, watatu wakaruka, gogo likafyatuka na kunipiga bega la kulia. Bega likatoka mahali pake. Nililipapasa, nikakuta kichwa cha mfupa kimekaa kwapani kama yai.

Walinivuta pale pale barabarani. Mmoja aliniwekea kisigino kwapani, wawili wakavuta mkono. Halikurudi. Zahanati wakavuta tena, wakaniambia nisiwe kama mtoto. Halikurudi. Nikakaa Kibondo wiki tatu, mkono umening'inia kwenye kitenge, nikilala nimeketi, nimeegemea magunia. Kufumba macho tu kuliniuma. Mwisho dereva yule yule akanihurumia, akanipeleka Kasulu, kwenye hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa mgeni, mtu mzima, mtaratibu. Kiswahili chake alijifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo maneno yote ya maumivu aliyajua na maneno ya furaha yalimshinda. Aliniambia bega limekaa nje mno, haliwezi kuvutwa, lazima lifunguliwe. Nitapewa nusukaputi nilale. Lakini bega likishapasuliwa huuma kuliko viungo vingi, akasema, kwa hiyo kabla ya kulala atanichoma sindano ya ganzi hapa juu ya mtulinga, karibu na shingo, mahali mishipa ya fahamu ya mkono inapopita pamoja kama nyaya za simu. Mkono wote utalala kutwa nzima, pengine mpaka alfajiri. Nikasema sitaki sindano ya shingoni. Akanijibu kwamba amewahi kukaa wodini akiwasikiliza watu waliopasuliwa bega bila sindano hiyo, na hataki kunisikiliza mimi.

Asubuhi ya upasuaji, muuguzi mkuu wa wodi alikuja kitandani kwangu. Alikuwa mama mmoja wa Heru Juu, mkali, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Akaniambia, "Mkono huu utakuwa kama haupo mpaka urudi wenyewe. Usiulalie. Usiusogeze kwenye moto wala maji ya moto. Ukiungua, hautakuambia." Kisha akanitaka nirudie. Nikarudia kila neno, kwa mdomo huu huu.

Sasa niwaeleze habari za majirani zangu wa wodini. Kule kila mgonjwa anakuja na mtu wake wa kumuuguza. Hospitali inatoa dawa na kitanda na uji wa asubuhi. Chakula, kufua na kugeuzwa ni kazi ya watu wako, na nyuma ya wodi kuna banda la mafiga ambako wauguzaji wote wanapika. Mimi sikuwa na mtu. Kitanda cha pili alilala mzee wa Busunzu, mrina asali, aliyeanguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga na kuvunjika bega vipande vipande. Mkewe ndiye aliyemuuguza. Siku ya kwanza tu mama yule alinitazama, akaona sina sahani, akarudi bandani akaleta ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, akaviweka kwenye stuli yangu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kiha changu kilikuwa kidogo zaidi. Aliniita baba mgeni. Alinifulia shati. Mumewe naye alikuwa mtu wa mzaha, aliniambia, "Wewe umepigwa na mti uliolala, mimi nimepigwa na ardhi. Sijui nani mjinga zaidi."

Basi nikaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari akanigeuza shingo, akaniambia nikisikia kama umeme unashuka mpaka kidole gumba nimwambie. Umeme ukashuka, nikamwambia. Akasukuma dawa. Mkono ukawa na joto, ukawa mzito, halafu ukaondoka. Kope la jicho la upande ule likalegea na sauti ikakwaruza. Akaniambia nisiogope, ni dawa ileile, itapita pamoja na ganzi. Ndipo nikalazwa.

Nilipoamka mchana nilikuwa wodini, na bega halikuuma. Sijui niwaelezeje. Wiki tatu nilikuwa sijajua kitu kingine chochote duniani isipokuwa bega. Sasa lilikuwa limefungwa kwa bandeji kifuani, kiganja na sehemu ya chini ya mkono zimeachwa nje, na nilipovigusa kwa mkono wa kushoto ilikuwa kama kugusa mkono wa mtu mwingine aliyelala nami kitandani. Nililia kwa raha. Mzee wa Busunzu akageuza uso wake ukutani ili nisione haya.

Alasiri mama akaja na chakula. Akaona jicho limelegea. Akasikia sauti inakwaruza. Akainua vidole vyangu, akaviachia, vikaanguka. Alikuwa amewaona watu wa kiharusi, na hivyo ndivyo walivyokuwa. Akasema, "Umekufa huu mkono, baba." Nikacheka, nikamwambia ni ganzi, ni dawa. Mumewe akamtafsiria, naye mwenyewe hakuwa na hakika na alichokitafsiri. Mama akatoka. Akarudi na beseni la maji na kitambaa.

Wote humu mnajua kukanda. Mzazi anakandwa, aliyeteguka anakandwa, aliyepooza anakandwa. Na mnajua kanuni yake: anayekanda hapimi maji kwa kidole chake, anapima kwa sauti ya anayekandwa. Ukipiga yowe, anapunguza. Ukinyamaza, anaongeza, kwa kuwa kunyamaza maana yake joto halijafika ndani. Mama akaanza kwenye kiwiko kushuka vidoleni. Akaniuliza, "Yanachoma?" Nikasema hapana. Nilisema kweli. Akaenda bandani, akachota kwenye sufuria inayotokota. "Yanachoma?" Hapana. Nikaona mvuke. Nikamwona anapuliza vidole vyake mwenyewe kila akikamua kitambaa. Na maneno ya muuguzi nilikuwa nayo kichwani, hayajapita hata masaa nane tangu niyarudie.

Mnaniuliza kwa nini nilinyamaza. Mimi nimejiuliza zaidi yenu. Muuguzi mkuu alikuwa chumba cha upasuaji, hakuna wa kutuona. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini tangu mtu aushike mkono wangu namna ile, polepole, kidole kimoja kimoja. Na mzee wa kitanda cha pili, alipoona maji yale na uso wangu haukunjiki, akasema, "Huyu ni mwanaume." Nikalipenda neno hilo. Mama akauliza mara ya tatu, nikasema hapana, nikatabasamu.

Kabla ya kupambazuka ganzi ilianza kuondoka. Bega liliniuma, lakini maumivu ya kuvumilika. Kilichowaka moto ni mkono, kuanzia kiwiko mpaka kucha. Muuguzi mkuu alipokuja asubuhi akafunua shuka. Malengelenge yalikuwa makubwa kama mayai, na kwenye kiganja ngozi ilikuwa imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Akaniuliza nini kimetokea. Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha uji wangu.

Nilijua kwamba nikisema maji, mama atafukuzwa wodini na mumewe atabaki bila mtu. Kwa muda mrefu nimejidanganya kwamba hiyo ndiyo sababu. Haikuwa sababu. Niliona haya. Mimi mtu wa darasa la kumi, niliyeambiwa na kurudia, nimekaa nikijiacha nipikwe kwa sababu ya kusifiwa. Nikasema, "Sijui, sista. Labda ni ile sindano."

Akanitazama. "Sindano ilichomwa shingoni."

"Ndiyo. Lakini kabla yake mkono ulikuwa mzima."

Daktari akaja, akaugeuza mkono, akauliza maswali mengi, akaandika sana. Sasa naelewa kwamba mtu yule aliondoka akijishuku mwenyewe. Mimi nilikunywa uji.

Neno langu lilitoka wodini kabla ya mchana. Bandani kwenye mafiga walisema sindano ya shingoni inaozesha mkono. Mwanamke aliyekuja kupasuliwa kiwiko akaikataa. Baba mmoja akamchukua mwanawe akaondoka naye. Na shahidi mkubwa alikuwa yule mama, aliyesimulia kwa uchungu wa kweli kwamba aliuona mkono wangu umekufa kwa macho yake, akajaribu kuuamsha, ukashindikana, kesho yake ukaanza kuoza. Hakuwa akisema uongo. Mwongo alikuwa mmoja tu, na alikuwa amelala kitandani analishwa na mama yuleyule.

Baada ya siku nne ikawa zamu ya mzee wa Busunzu. Daktari akamweleza habari ya sindano kama alivyonieleza mimi. Mzee akasema nusukaputi atakubali, atalala na kuamka, lakini shingo yake wasiiguse. Daktari akamsihi. Akamwambia dawa kali za maumivu zimekaribia kwisha, kwa sababu miezi ile wakimbizi wenye majeraha walikuwa wakivuka mpaka kutoka nchi jirani na zote zilikuwa zimewaendea wao. Mzee akageuka kunitazama mimi. Hakuniuliza kitu. Alinitazama tu, kama mtu anavyomtazama aliyetangulia njia ile.

Nikatazama dirishani.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Gogo la Nyabibuye halikuniangusha, na maji hayakuniangusha.

Wakampasua. Waliunga vipande kwa waya, wakamrudisha, na mchana akaamka. Kabla alikuwa amenitania kwamba mtu aliyeumwa na nyuki miaka thelathini hawezi kushindwa na kisu kimoja. Saa moja baada ya kuamka alikuwa haongei. Walimpa vidonge, akavitapika. Alichukua ncha ya blanketi akaitafuna, na usiku kucha nilisikia meno yake. Siku ya pili hakutaka mtu amguse, hata kumpangusa jasho. Alivuta pumzi fupi fupi juu juu kama mbwa wakati wa jua, kwa kuwa pumzi ndefu ilisogeza bega. Siku ya tatu alipata homa, akajitupa upande akili zikiwa hazipo, waya zikahama, kidonda kikafumuka. Siku ya nne harufu ilianza. Daktari akasema lazima kifunguliwe tena kisafishwe, la sivyo usaha utaingia kwenye mfupa, na ukishaingia atapoteza mkono au atapoteza maisha.

Mzee akasema hapana. Alisema kwa sauti ndogo sana, lakini wote tulisikia. Akasema apelekwe Busunzu, afe kwenye mkeka wake. Mkewe hakubishana naye. Alituma watu kwa jamaa zao, na asubuhi ya siku ya tano wanaume wanne walikuwa wamefika nje ya wodi na machela ya miti. Mama akaingia kukusanya vyombo: sufuria, beseni, mwiko, shati la mzee. Muuguzi mkuu alisimama mikono kiunoni, amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo.

Nilishuka kitandani. Mkono wangu ulikuwa umefungwa kama mwali, siwezi hata kuuegemea. Nilisimama katikati ya vitanda viwili, na nikasema maneno ambayo nilipaswa kuyasema siku tisa kabla.

"Mama, weka sufuria chini. Mkono wangu uliungua kwa maji."

Hakunielewa, au hakutaka. Nikasema tena, pole pole. Nikamwambia mzee amtafsirie. Nikasema sindano haikunifanya kitu, iliniondolea maumivu kutwa nzima, na kwamba muuguzi alinikataza maji ya moto asubuhi ileile na mimi nikayarudia maneno yake.

Mama aliweka sufuria chini. Alipozungumza, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyowahi kukisikia.

"Nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza yanachoma. Mara tatu."

"Uliniuliza."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Akasema kitu kirefu kwa Kiha, akimtazama mumewe, hakunitazama mimi. Hakuna aliyenitafsiria. Mzee alikuwa amefumba macho. Baadaye akasema, "Kumbe mkono wako uliiva." Mtu mmoja mwisho wa wodi alicheka, akakoma. Yeye mwenyewe hakucheka. Akafumbua macho, akaniuliza swali moja.

"Siku ile, bega liliuma?"

"Halikuuma hata kidogo. Mpaka karibu na alfajiri sikujua kama nina bega."

Wale wanaume wanne walikuwa wamesimama mlangoni na machela yao. Halafu mzee akamwambia muuguzi mkuu, "Basi na mimi nipeni siku moja kama hiyo."

Akapewa. Walimchoma sindano ile ile, mahali pale pale, wakamfungua, wakamsafisha. Alipoamka alinyoosha mkono wa kushoto akaupapasa wa kulia, akaupigapiga, akasema huyu mgeni aliyelala hapa amefika lini. Kisha akalala. Akakoroma, mara ya kwanza baada ya siku tano, na watu wa wodi ile wakaacha kuzungumza ili wamsikie. Mama alikaa kando ya mkono ule kutwa nzima. Hakuruhusu mtu kuusogelea. Jua lilipoingia dirishani akasimama akaziba mwanga kwa kanga yake, mpaka jua likapita.

Ningependa kuwaambia habari imeishia hapo. Haikuishia. Usaha ulikuwa umekwisha kuonja mfupa. Alikaa hospitali miezi mitatu, akafunguliwa tena mara mbili, kila mara kwa sindano, na kila mara bila blanketi mdomoni. Mkono ulibaki, uhai ulibaki. Lakini bega likakauka. Mkono wake haupandi kupita kitovu mpaka leo kama bado yu hai. Mrina asali asiyeweza kuinua mkono hapandi mti. Hilo nililifanya mimi, na hakuna sala niliyoiomba ambayo imelinyoosha bega lile.

Mama hakuniletea tena chakula. Alipita na sufuria mbele ya kitanda changu mara mbili kwa siku bila kugeuza shingo. Sikumlaumu. Nilikula uji wa hospitali na chochote wengine walichobakisha.

Muuguzi mkuu naye hakunisamehe haraka. Alinipa adhabu, na adhabu hiyo ndiyo iliyoniponya. Kila siku ya upasuaji alinifungua bandeji, akanitembeza kitanda hadi kitanda kwa kila atakayechomwa ganzi, nimwonyeshe mkono na nimweleze nani aliuunguza na kwa nini. Alinipeleka bandani kwenye mafiga, akasimama nyuma yangu na mtafsiri, nikawaeleza wauguzaji wote kwamba mkono wenye ganzi haukandwi, kwa sababu hauna sauti. Wengine walinicheka. Mwanamke mmoja alitema mate chini karibu na mguu wangu. Lakini wiki ile yule wa kiwiko alikubali sindano, na aliporudi akaniita aniambie kwamba hakusikia kitu. Usiku ule nililala. Kabla ya hapo nilikuwa silali, na maumivu hayakuwa sababu.

Vidole viwili vilibaki vimejikunja, hivi mnavyoviona. Kuandika nilijifunza upya, penseli imefungwa kwa uzi kwenye kidole cha shahada. Bega langu ni zima. Ukinitazama juu ya kiwiko utadhani sijawahi kuumwa.

Namshukuru daktari yule, ambaye nilipomwomba radhi alikaa kwenye stuli yangu muda mrefu, kisha akasema maneno mawili tu, "Pole sana," na sikujua pole ile ni ya nani. Namshukuru muuguzi mkuu kwa ukali wake. Namshukuru dereva. Wawili wale wa Busunzu siwezi kuwashukuru. Neno hilo halitoshi na ni aibu kulitumia.

Na kama mnataka nililojifunza, ni hili. Mtu anayekuhudumia anakuamini wewe umwambie panapouma. Ukimnyima sauti yako, hata kwa tabasamu, unamtia katika dhambi asiyoijua. Mkiwa hospitali, mkikatazwa kitu, mwambieni na mnayempenda aliye kando ya kitanda, kwa lugha anayoisikia. Msimwachie akisie.

Nilipotoka hospitali sikufunga sanduku kwenda kwingine. Nilikwenda Busunzu. Nilikaa msimu mmoja mzima kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yao, nikilima muhogo na maharage yao kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukisaidia kidogo kidogo mpaka ukafumuka na kupona tena. Hawakuniita wala hawakunifukuza. Siku ya kwanza mama aliegemeza jembe ukutani mahali nitakapoliona. Mzee alikaa chini ya miti yake akiwaelekeza wapwa zake vijana namna ya kufunga mzinga, na walipokosea alinyamaza, kwa kuwa hakuweza kupanda kuwaonyesha.

Maharage yalipovunwa nilijua siwezi kukaa zaidi. Kukaa kwangu kulikuwa kunawakumbusha. Nikawaaga. Walinisindikiza mpaka barabarani wote wawili, jambo ambalo sikulitegemea. Lori la kwenda Kasulu lilipotokea kwenye kona, mama akazungumza nami kwa mara ya kwanza tangu siku ya machela.

"Huko uendako, majina yetu usiyaseme. Sema maji. Na sema uliulizwa."

Nikamwahidi. Mzee akataka kuniaga kwa mkono. Wa kulia haukupanda, kwa hiyo aliushika chini ya kiwiko kwa mkono wa kushoto, akauinua, akaniletea. Mnajua kwetu mtu anampa nani mkono namna hiyo, ameutegemeza kwa mkono wa pili: anampa mkubwa wake, anampa anayemheshimu sana. Yeye hakuwa na njia nyingine ya kuufikisha. Niliupokea nikainamisha kichwa, nisijue niweke wapi macho. Halafu nikapanda lori, nikakaa juu ya magunia ya maharage, na sijarudi tena.